Sumu ya mchwa iishie kwenye msingi wa nyumba, shambani isifike

Kila mvua zinapokaribia Dodoma, habari za mchwa huanza upya. Anayejenga Iyumbu au Nala anaulizia dawa ya kumwagia msingi kabla fundi hajamwaga jamvi. Mwenye zabibu Hombolo anahesabu nguzo zilizoliwa chini zikabaki zinaning'inia kwenye waya. Aliyeotesha miti ya kivuli mbele ya nyumba anaikuta miche imelala, shina limezungushiwa udongo mwekundu na gome limekwisha. Wote watatu huishia kwenye duka la pembejeo, na mara nyingi wote hutoka na chupa ya aina moja. Nyumba, shamba na mche ni mambo matatu tofauti, na kuyatibu yote kwa sumu ileile ni kosa ambalo mkoa mkavu kama wetu hauwezi kulimudu. Ili nieleze kwa nini, inabidi nianzie mahali ambapo mazungumzo ya mchwa huwa hayafiki, yaani ndani ya tumbo lake.

Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 700 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikishakatika, ardhi hukaa kavu miezi saba. Kagera au Rungwe jani likianguka huozeshwa na ukungu, minyoo na bakteria wa udongoni ambao hawakosi unyevu karibu mwaka mzima. Kwetu mabua ya mtama na uwele yanapobaki shambani baada ya mavuno, maji yameshaondoka, na pasipo maji hakuna kuoza. Kwa hesabu hiyo mabua ya mwaka juzi yangekuwa bado yamelala shambani. Hayapo. Mifugo imekula sehemu, mengine yamechomwa au yameishia jikoni, na yaliyosalia yameondoka bila mtu kuyaona yakiondoka.

Anayetaka kujua yalikokwenda aende malishoni Kongwa mwezi wa nane, aokote kinyesi kikavu cha ng'ombe, akigeuze. Juu ni ganda gumu lililopaushwa na jua. Chini hakuna kitu tena: pametafunwa, na nafasi iliyoachwa imejazwa udongo mwekundu laini uliofinyangwa punje kwa punje, wenye ubaridi wa unyevu unaousikia kwenye vidole ingawa mvua ya mwisho ilinyesha miezi minne iliyopita. Katikati ya udongo huo kuna vijia vinavyozama ardhini. Mbawakawa wanaoviringisha samadi hungoja mvua. Kiangazi kazi hiyo ni ya mchwa. Hata kinyesi cha tembo katika mbuga ya Tsavo, nchini Kenya, kilipofuatiliwa na watafiti miaka ya 1970, mchwa walikutwa ndio wanaokiondoa.

Kubeba bua ni jambo moja, kulimeng'enya ni jingine kabisa. Mmea umejengwa kwa nyuzi za selulosi, na kwenye sehemu ngumu selulosi hiyo imefungwa ndani ya lignini, kitu kigumu kinachoipa mbao ugumu wake. Wanyama karibu wote hushindwa kuivunja peke yao. Ng'ombe mwenyewe asingeishi kwa majani kama tumbo lake la kwanza lisingejaa bakteria na protozoa, viumbe wadogo wa seli moja, wanaomfanyia kazi hiyo. Mchwa naye ana vimeng'enya vyake, lakini ni vichache. Mzigo mkubwa unabebwa na viumbe wanaoishi ndani yake.

Mmoja wa wa kwanza kuwaona alikuwa Mmarekani Joseph Leidy, ambaye miaka ya 1870 alipasua utumbo wa mchwa wa kwao, akauweka chini ya hadubini, na kukuta umefurika protozoa na bakteria kiasi kwamba chakula chenyewe kilionekana kuzama katikati yao. Miaka ya 1920 Mmarekani mwingine, L. R. Cleveland, akafanya jaribio ambalo hadi leo silioni mfano wake kwa uwazi. Aliwaua protozoa bila kumuua mchwa. Mchwa wale waliendelea kutafuna mbao kama kawaida, na baada ya wiki chache wakafa kwa njaa, matumbo yakiwa yamejaa mbao. Waliorudishiwa protozoa wao walipona.

Utumbo wa nyuma wa mchwa mfanyakazi una ujazo wa mikrolita moja hivi. Tone moja la maji lina mikrolita 50. Ndani ya nafasi hiyo wamo bakteria wa mamia ya aina, kila aina na mahali pake. Oksijeni hupenya kutoka ukutani mwa utumbo kwa sehemu ndogo ya milimita tu, kisha inaisha, kwa sababu bakteria wanaokaa ukutani huimaliza. Kwa hiyo pembeni kuna hewa na katikati hakuna, na wale wa katikati, wasioweza kuvumilia oksijeni, huchachusha sukari zilizotoka kwenye selulosi na kutoa haidrojeni na hewa ukaa. Kwenye mchwa wengi wanaokula mbao, bakteria waliojisokota waitwao spirokiti huchukua gesi hizo mbili na kuziunganisha kuwa asidi ya siki. Asidi hiyo hupita kwenye ukuta wa utumbo na kuingia mwilini mwa mchwa, na ndiyo inayompa nguvu. Anayemwona mchwa akibeba kipande cha bua anaona mwanzo tu wa safari ya chakula chake.

Hilo ni upande wa nguvu. Kwa mkulima wa Dodoma upande wa naitrojeni una uzito zaidi, nami nauona ndio kiini cha jambo zima. Bua kavu na mti mkavu vina naitrojeni kidogo mno, na mdudu anayekula vitu hivyo peke yake angepaswa kudhoofika kwa kukosa protini. Mwaka 1973 ilithibitishwa kwamba mchwa hupata naitrojeni kutoka hewani, kwa msaada wa bakteria wa tumboni. Baadaye mmoja wao alifugwa maabara, akakutwa ana uwezo huo, na mwaka 2004 akapewa jina la Treponema azotonutricium. Kazi anayofanya ni ileile inayofanywa na bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, karanga na njugu mawe. Wapo pia bakteria wa tumboni wanaochukua taka za mkojo za mchwa na kuzirudisha kuwa chakula, ili naitrojeni iliyopatikana isipotee. Mchwa akifa, akiliwa na kuku, akiacha mate na kinyesi chake kwenye kuta za njia zake, naitrojeni hiyo huingia udongoni. Udongo wetu mwekundu wa kichanga una upungufu mkubwa wa kitu hichohicho, na ndicho tunachokinunua kwenye mfuko wa urea.

Hapa kuna jambo linalosahaulika pale wanaoandika kuhusu mchwa wanaposimulia tumbo peke yake. Wajenzi wa vichuguu vikubwa tunavyoviona njiani kwenda Mpwapwa au Kondoa, jamii ya Macrotermes na ndugu zao, hawana protozoa wa kuvunja mbao. Wamegawa kazi. Mfanyakazi kijana hula vipande vya mmea, navyo hupita tumboni haraka, vikachanganyika na mbegu za kuvu, kisha akavitoa na kuvipanga chini ya kichuguu kuwa sega. Ukibahatika kuliona sega hilo likiwa halijavunjwa, ni kitu chepesi cha rangi ya kahawia, kimekunjamana na kujaa mashimo, juu yake zimetapakaa punje nyeupe ndogo kuliko mtama. Punje hizo ni kuvu wa jenasi ya Termitomyces. Huishambulia lignini kwa wiki kadhaa, jambo ambalo bakteria wa tumboni wasingeliweza kwa muda ule mfupi wa kupita chakula. Sega likishalainika, wafanyakazi wakubwa hulila tena, na hapo bakteria wa utumboni wanamalizia kilichobaki. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Macrotermes wa kusini mwa Afrika ulionyesha mgawanyo huo: kuvu ana vifaa vya kuvunja sehemu ngumu za mmea, bakteria wana vya kumalizia zile sukari fupifupi, na mchwa mwenyewe anachangia kidogo sana.

Uyoga unaochipuka juu ya vichuguu baada ya mvua kubwa za kwanza, ambao watoto huufuata alfajiri kabla wenzao hawajaamka, ndio tunda la kuvu huyo. Wakulima wa uyoga wanaotumia pumba na mabua ndani ya mifuko hawajaweza kuuzalisha kwa namna hiyo, maana unamhitaji mchwa. Anayemwaga sumu kichuguuni ameuondoa uyoga huo pamoja na kumbikumbi, na kijijini hivyo viwili ni protini ya bure inayofika wakati ghala linakaribia kuisha.

Ukoo wa mchwa pia unasaidia kuelewa. Mwaka 2007 watafiti wa Makumbusho ya Historia Asilia ya London walionyesha kwa vinasaba kwamba mchwa ni mende. Ni tawi la ukoo wa mende lililozoea kula mbao na kuishi kwa jamii, na kwa sababu hiyo mchwa hawastahili kupewa kundi lao peke yao. Mende wa chooni na jikoni naye ana bakteria wake, Blattabacterium, ambaye haishi utumboni. Anaishi ndani ya seli za mafuta mwilini na kurithishwa kupitia yai. Mende hujiwekea akiba ya taka zenye naitrojeni, na bakteria huyo huzigeuza kuwa viini vya protini, ndiyo maana mende huweza kuishi kwa makombo yasiyomtosha mnyama mwingine. Bakteria wa utumboni nao wana kazi yao. Kwa mende wadogo wa jikoni ilionekana mwaka 2015 kwamba harufu inayowakusanya sehemu moja hutengenezwa na bakteria walio kwenye kinyesi chao. Waliolelewa bila bakteria, kinyesi chao hakikuwavuta wenzao inavyopasa. Anayesafisha kinyesi cha mende nyuma ya kabati kwa sabuni anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Karibu mchwa wote wamempoteza Blattabacterium, isipokuwa mchwa mmoja wa kale wa Australia. Kilichoshika nafasi ni jamii kubwa ya bakteria wa utumboni, na jamii hiyo ina udhaifu wake. Mchwa anapojivua ngozi, ngozi ya ndani ya utumbo wa nyuma hutoka pia, na bakteria wake wanaondoka nayo. Hana namna ya kuwarudisha ila kulishwa na mwenzake, kwa kinywa au kwa majimaji ya utumboni. Mchwa wachanga nao huwapata kwa njia hiyohiyo. Mchwa aliyetengwa na wenzake anapoteza wenza wake wa tumboni na uhai unafuata.

Sasa turudi kwenye chupa ya dawa. Sumu nyingi za kisasa za mchwa zimetengenezwa zisimfukuze mdudu wala zisimuue papo hapo, ili arudi nazo kwa wenzake. Kulambana na kulishana kunakowarithisha bakteria ndiko kunakosambaza sumu. Ni ujanja mzuri pale mchwa wanapokula kenchi za paa. Tatizo ni kwamba njia za chini ya ardhi za Macrotermes zinaweza kufika mita 50 kutoka kichuguuni. Aliyemwaga sumu kwenye safu moja ya mahindi hakutibu safu moja. Ameondoa jamii yenye maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi iliyokuwa ikihudumia shamba lake, la jirani yake na malisho yaliyo katikati.

Faida ya mchwa shambani imepimwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio kutoka eneo kavu la Australia Magharibi, ambako mashamba ya ngano yaliyoachiwa mchwa na sisimizi wake yalitoa mavuno zaidi kwa asilimia 36 kuliko yale yaliyotiwa sumu ya kuwaondoa. Sababu zilizotolewa ni mbili: vijia vyao viliyapeleka maji ya mvua chini badala ya kuyaacha yatiririke, na naitrojeni ya udongo iliongezeka. Wakulima wa kaskazini mwa Burkina Faso walilijua hili bila maabara. Wanachimba vishimo wakati wa kiangazi, wanatia samadi na majani, mchwa wanakuja kula na kutoboa ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, na mvua inapokuja maji yanazama. Yacouba Sawadogo, mkulima wa huko aliyefariki mwaka 2023, aliotesha msitu kwenye ardhi iliyokuwa imekufa kwa njia hiyo, akapewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018. Mvua ya kwao na aina ya ukavu wao haviko mbali na vya kwetu.

Nasi tuna historia yetu ya kuudharau udongo. Waingereza walipokuja na mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, walifyeka vichaka kwa matrekta makubwa na minyororo, wakakuta ardhi inayogeuka kuwa ngumu mno kila mvua ikikatika. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Sidai kwamba mchwa wangeuokoa. Ninachosema ni kwamba uchumi wa Kongwa ya leo bado unasimama juu ya udongo uleule, na maji yasipoingia ndani yake hakuna mbegu bora itakayosaidia.

Najua jibu la mkulima: mchwa wanamla. Ni kweli, na hasara hiyo si ya kubeza. Wanaangusha mahindi yaliyokwisha kukomaa, wanakwaruza maganda ya karanga na kuruhusu ukungu kuingia, wanamaliza miche ya mikalitusi. Wale waotesha kuvu ndio wanaohusika zaidi na uharibifu wa mazao barani Afrika, nao ndio haohao ninaowatetea. Lakini angalia ni lini wanashambulia zaidi. Ni pale shamba lilipofyekwa, mabua yakachomwa, na ardhi ikabaki tupu. Mchwa hula kitu kikavu kwanza, na akikosa kikavu anahamia kwenye kilicho hai, hasa kilichodhoofishwa na ukame. Desturi yetu ya kusafisha shamba hadi likawa jeupe, ambayo tunaihesabu kuwa bidii, inamwachia mchwa chakula kimoja tu, ambacho ni zao lenyewe. Kuna mtego hapo. Mkulima anachoma mabua, mchwa anahamia kwenye mahindi, mkulima ananunua sumu, maji yanakosa njia ya kuzama, mahindi ya mwaka unaofuata yanadhoofika, na mchwa aliyebaki anayapata kirahisi zaidi.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba sumu iende mahali pamoja, kwenye msingi wa nyumba, kabla ya jamvi, kwa kipimo, na fundi anayejua kazi yake. Penye kichuguu ndani ya kiwanja kichimbwe chote hadi chini, maana nyumba iliyojengwa juu ya mashimo ya mchwa hupasuka. Kwenye mashamba ya zabibu nguzo ndizo zinazohitaji kinga, ama kwa kutumia za zege au za mbao zilizotiwa dawa kiwandani, na ardhi iliyo katikati ya mistari iachwe. Mahindi yakishakauka yavunwe kwa wakati, yasining'inizwe shambani kungoja gari. Mabua yaachwe, angalau sehemu, na hapa natambua kuwa mwenye ng'ombe na mwenye shamba watapaswa kuelewana, jambo ambalo Dodoma halijawahi kuwa rahisi. Na kwenye kampeni za miti tupunguze kung'ang'ania mikalitusi. Mche wa kigeni kwenye ardhi kavu ndio anaoupenda mchwa. Wanaofanya Kisiki Hai, wanaochagua machipukizi ya visiki vya miti ya asili, kuyapogoa na kuyaacha yakue, wanaanza na mti wenye mizizi iliyokomaa katika ardhi yenye mchwa, na matawi yaliyokatwa yakiachwa chini yanampa mdudu chakula kingine.

Rai yangu ya pili inahusu viuatilifu kwa jumla, na mfano wake nautoa Manyoni na Itigi, kwenye asali. Nyuki ana kundi dogo la bakteria wa utumboni ambao hupatikana kwa nyuki wenzake pekee, nao humsaidia kumeng'enya na kumkinga na maradhi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba glaifoseti, iliyomo kwenye dawa nyingi za magugu, huwapunguza bakteria hao, na nyuki waliopunguziwa wakakutana na bakteria wa maradhi walikufa kwa wingi zaidi. Glaifoseti hufanya kazi kwa kuziba njia ya kikemikali iliyomo kwenye mimea na kwenye bakteria wengi, ambayo mnyama hana, na kwa sababu hiyo ilihesabika haina neno kwa mdudu. Mdudu hana njia hiyo, ila tumbo lake linayo. Tangu sheria ya mwaka 2020 tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na ningependa ione swali la bakteria wa tumboni kuwa sehemu ya kawaida ya kupima dawa kabla haijaingia kwenye mikoa ya asali.

Upo upande ambao bakteria hawa ni nafasi kwetu dhidi ya adui halisi. Papasi, kupe wa sakafuni anayejificha kwenye nyufa za nyumba za tembe na kuuma usiku, amewatesa watu wa Mvumi na vijiji vingine vya Ugogo kwa homa ya vipindi, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Robert Koch aliuchunguza ugonjwa huo akiwa hapahapa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905, akaona vimelea vyake hata ndani ya mayai ya kupe. Papasi anaishi kwa damu tupu, na damu haina vitamini B za kumtosha. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba anazipata kwa bakteria wa jenasi ya Francisella aliye mwilini mwake: bakteria akiondolewa kwa antibayotiki papasi hakui inavyotakiwa, akipewa vitamini hizo anarudi katika hali yake. Ni ugunduzi mzuri, ila sitaki mtu auze ndoto. Hatuwezi kunyunyizia antibayotiki ndani ya nyumba za watu, maana tutazalisha usugu wa maradhi mengine. Saruji sakafuni na ukuta uliopigwa lipu ndivyo vinavyomnyima papasi maficho kwa sasa, na kijiji ambacho bado kina papasi kinahitaji saruji kabla ya maabara.

Kwa mchwa, hata hivyo, maabara inahitajika, na Dodoma haina sababu ya kuisubiri itoke nje. Utumbo wa mchwa wa Costa Rica ulisomwa vinasaba vya bakteria wake mwaka 2007, kwa fedha za Marekani, kwa matumaini ya kupata vimeng'enya vya kutengenezea mafuta ya magari kutokana na mabaki ya mimea. Wa kusini mwa Afrika wamesomwa. Wa Chamwino, Bahi na Kongwa, wanaokula samadi na mabua ya uwele kwenye udongo wetu, wanastahili kusomwa na vijana wanaokaa hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ina vituo Hombolo na Makutupora, cha kwanza cha mtama na uwele, cha pili cha zabibu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kiko umbali wa safari ya saa chache.

Kazi ya kuanzia haihitaji mashine ghali. Chukua shamba moja Hombolo, uligawe sehemu nne: iliyoachiwa mabua na mchwa wake, iliyoachiwa mabua ikatiwa sumu, iliyosafishwa bila sumu, na iliyosafishwa ikatiwa sumu. Pima kwa misimu mitatu maji yanayozama kwa saa, naitrojeni ya udongo, mimea iliyoangushwa na magunia yaliyopatikana. Kila msimu wachukuliwe mchwa kadhaa kutoka kila sehemu, matumbo yao yahifadhiwe kwenye pombe kali kwa ajili ya vinasaba, hata kama usomaji wenyewe utafanyika baadaye fedha zikipatikana. Sehemu ya kwanza na ya tatu zitatuambia kama kweli mabua yanamwondoa mchwa kwenye zao katika hali ya hewa yetu, na ya pili na ya nne zitatuonyesha gharama ya sumu kwa udongo, ambayo mkulima huwa haioni kwenye risiti. Mabua ya kuanzia yatapatikana mavuno yajayo, mwezi wa sita, mradi tu shamba liteuliwe kabla halijapigwa moto.